Viatu vya Jumatano

Kila Jumatano jioni, kazi ya Sieni ilikuwa viatu. Mlango wa nyumba yao pale mjini Porirua haukuvukwa na kiatu cha mtu yeyote, awe mchungaji au fundi wa bomba, na Jumatano ndiyo siku kwaya ilipofanya mazoezi sebuleni kwa Bibi Fuatino. Waimbaji walivua viatu kibarazani, wakaingia ndani wakisalimiana na kutaniana. Sieni, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ulimi usiojua kulala, alibaki nje akivipanga ukutani, maana upepo wa Porirua hauna adabu. Ungeweza kuchukua kandambili ya mtu na kuitupa kwa jirani.

Jozi ya mwisho, karibu kabisa na mlango, ilikuwa ya buti kubwa za kazi zenye tope. Hizo zilikuwa za Pelenato, mtoto wa dada ya mama yake, ambaye Sieni na mdogo wake Malaki walimwita Kaka Pele.

Pelenato alikuja mwanzoni mwa baridi, baada ya kupunguzwa kazini katika mji wa Tokoroa. Alisema atakaa wiki mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu hakungoja kupewa. Alipata kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba, akawa analeta mchele na nyama nyumbani, na bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka juzi akalinyamazisha. Wiki mbili zikawa miezi minne. Nani angethubutu kumwuliza ataondoka lini? Kwa Wasamoa wa nyumba ile, waliohamia nchi hiyo kutoka visiwani kwao, mjukuu aliyekuja kwa bibi yake si mgeni wala si mpangaji. "Ndugu hahesabiwi," Bibi alisema, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba kuna jambo la kwenda kumwambia mtu yeyote.

Lakini nyumba ilikuwa ya serikali. Mama yake Sieni, Leuta, alikuwa mfanya usafi hospitalini, na kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo, serikali ilimlipia sehemu kubwa ya kodi. Sharti lilikuwa moja: mtu akihamia au akihama, ofisi ya nyumba ijulishwe.

Siku moja Sieni alitoka shule akamkuta Mama amekaa jikoni na koti lake la kazini, ameshika barua. Ofisi ilisema imepata habari kwamba nyumba imejaa watu wasiotajwa. Msaada wa kodi ungesimama mwisho wa mwezi, na kama hawakuridhika, wafike Jumatatu kujitetea. Barua iliambatana na picha iliyopigwa kutoka getini. Kilionekana kibaraza chao, siku ya Jumatano, na jozi kumi na tisa za viatu alivyovipanga Sieni mwenyewe.

"Bila msaada huu, nyumba hatuna," Mama alisema. "Kodi yenyewe itameza mshahara wangu wote."

Bibi Fuatino aliivuta picha karibu na miwani yake. "Wanahesabu viatu? Basi wakipita kanisani Jumapili watasema tunalala madhabahuni."

"Mama, usifanye mzaha. Buti za Pele zimo humo."

Bibi akaishusha picha. Sieni hakunyamaza. "Si tuwaambie tu? Hizi ni za kwaya, hizi ni za Kaka Pele."

"Tukisema Pele yuko hapa watasema tumewadanganya miezi minne," Mama alijibu. "Kuanzia leo buti zake zinakaa uvunguni mwa nyumba, na yeye atapitia nyuma. Ukiulizwa, sema hizo ni za mtu wa kwaya. Umesikia?"

"Nimesikia. Sitasema."

"Hutasema nini?"

"Sitasema ni za mtu wa kwaya. Kaka Pele haimbi, Mama. Kila mtu anajua anavyoimba."

Kwa jibu hilo Sieni aliosha vyombo peke yake wiki nzima, lakini hakubadili neno.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Pelenato, kijana mwenye mabega ya kubeba mlango, alikuwa akirudi kutoka kazini kwa kupanda ua wa jirani, buti zake zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Jioni moja walikuwa wakila tambi na majimbi, gari likasimama nje. Mama akampungia Pelenato mkono haraka ajifiche. Pelenato alibeba sahani yake, akaenda kula bafuni, taa imezimwa. Gari lile kumbe lilikuwa la jirani aliyeleta magazeti ya kanisa.

Malaki, aliyekuwa na miaka sita, aliutazama mlango wa bafu kwa muda. "Kaka Pele ameiba nini?" aliuliza.

Pelenato alitoka, akaosha sahani yake taratibu, kisha akaanza kukunja nguo zake.

"Unakwenda wapi?" Sieni alimwuliza.

"Kuna gari la kazini. Nitalala humo mpaka mambo yatulie. Mama mdogo ana watoto. Asipoteze nyumba kwa ajili yangu."

"Baridi hii? Kwani sisi tuna watu wa kuficha?" Sieni alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Aliwatazama Mama na Bibi. "Leo Kaka Pele analala kwenye gari. Kesho mtamficha nani? Mimi nina viatu viwili, nianze kuvihesabu?"

"Sieni," Mama alisema kwa sauti ya kuonya.

Bibi alikuwa amekaa, mikono yake magotini. Mwishowe alisema, "Pele, rudisha begi. Na Jumatatu mtoto huyu atakwenda nasi. Kiingereza changu ni cha sokoni, nahitaji mkalimani."

Jumatatu walivaa kama wanakwenda kanisani. Ofisini walipokewa na Bi. Kerrigan, mama wa makamo mwenye nywele fupi na sauti isiyopanda wala kushuka. Hakuwa mkali, ila aliongea kama mtu aliyekwisha kusikia kila hadithi. Aliweka ile picha mezani.

"Nyumbani kwako wanaishi watu wangapi, Bi. Leuta?"

"Wanne. Mimi, mama yangu, na watoto wawili."

"Na viatu hivi vyote?"

"Ni vya kwaya."

"Vyote?" Kidole cha Bi. Kerrigan kilitua juu ya buti. "Hivi navyo vya kwaya?"

Mama alifungua kinywa. Sieni akajua neno linalokuja ni lipi. Liwalo na liwe.

"Hizo ni za kaka yangu Pelenato," alisema. "Anaishi kwetu. Alikuja mwanzo wa baridi."

Chini ya meza, mkono wa Mama ulimbana paja. Bi. Kerrigan alivua miwani. "Kwa hiyo ni kweli mna mtu ambaye hamkumtaja."

"Mmoja ni kweli. Hawa wengine kumi na nne si kweli. Walikuja kuimba, wakaimba, wakaenda kwao."

"Nitajuaje kwamba hapo unasema ukweli?"

"Kwa sababu nimekuambia habari za buti," Sieni alijibu. "Ningetaka kudanganya, si ningeanza na hizo?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea mikononi. "Niliogopa," alisema polepole. "Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Sikujua pa kuanzia, na kila wiki niliyonyamaza ilizidi kunifunga mdomo."

Ndipo Bibi Fuatino aliposimama. Alizungumza kwa Kisamoa, kwa utulivu, macho yake yakimtazama Bi. Kerrigan, na alipomaliza aligeuka kumtazama mjukuu wake.

"Bibi anasema kosa la buti ni letu, na tutalilipia," Sieni alitafsiri. "Lakini anasema pia nyumba yetu ina mlango, na mlango ule hugongwa. Aliyesimama getini akapiga picha aliona viatu, hakuona watu. Anasema kama wewe unatoa hukumu, njoo Jumatano uwaone watu wenyewe." Alisita kidogo. "Na anasema uvae soksi nzuri."

Kwa mara ya kwanza pembe za mdomo wa Bi. Kerrigan zilisogea. "Mwambie bibi yako nitakuja."

Jumatano upepo ulivuma kuliko siku zote. Waimbaji walikuja mmoja mmoja, na Sieni akapanga viatu vyao. Pelenato alipita mlango wa mbele, akavua buti zake mbele ya kila mtu. Halafu gari dogo likasimama, na Bi. Kerrigan akapanda ngazi. Alitazama viatu, akamtazama Sieni, akainama kufungua vyake vyeusi vya kamba. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje. Malaki aliangua kicheko. Bibi alimtupia jicho moja tu, kicheko kikazimika, kisha akamshika mgeni mkono akamketisha kwenye kiti kizuri, akampa kakao ya moto na maandazi.

"Sasa mtu akipiga picha kutoka getini," Sieni alimwambia alipompelekea leso ya kufutia mikono, "na wewe ni mpangaji wetu."

Bi. Kerrigan alicheka mpaka kakao ikatikisika kikombeni.

Waliimba nyimbo zao, wakagombana juu ya sauti ya tatu, wakapatana, wakasali. Kisha watu wakaanza kuaga. Bi. Kerrigan alisimama kibarazani karibu na Sieni, miguu yake ikiwa na soksi tu, akitazama. Kila aliyetoka alichukua viatu vyake, akamshika Bibi mkono, akashuka ngazi. Mstari ule mrefu ulipungua, ukapungua, mpaka ukutani zikabaki jozi tano za wenye nyumba, buti zikiwamo, na vile vyeusi vya kamba.

"Msaada wenu hautasimama," Bi. Kerrigan alimwambia Mama huku akivaa viatu. "Pelenato nitamwingiza kama mkazi. Kwa kuwa ana mshahara, kodi itapanda kiasi, na tofauti ya miezi iliyopita mtailipa kidogo kidogo."

"Nitailipa mimi," Pelenato alisema kutoka mlangoni.

"Nami ningepaswa kubisha hodi kabla ya kuandika barua. Hilo nalikubali." Alifunga kamba ya pili, akainuka. "Ila nikuambie ukweli, Bi. Leuta. Jumatatu kama mngezikana zile buti, nisingekuja hapa leo. Nisingewaamini hata kwa zile jozi kumi na nne."

Gari lilipoondoka, Mama alimvuta Sieni, akamkumbatia kwa nguvu. "Nilikufinya," alisema.

"Paja bado ni jeusi."

"Nami nina alama kama hiyo, moyoni. Nisamehe."

Bibi Fuatino aliketi kwenye ngazi, akawaita wote, Pelenato naye akiwa katikati yao.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi ndimi niliyesema ndugu hahesabiwi. Nilidhani ni heshima. Lakini mtu unayeogopa kumtaja mbele za watu umekwisha kumfukuza, hata kama analala chini ya paa lako. Huyu alikula bafuni, gizani, kama mwizi, na sisi ndio tuliompeleka. Njia ya mwongo ni fupi, tuliiona mwisho wake wiki hii. Nyumba ikibadilika, sema mapema. Ukishasema lililo lako, unaweza kusimama wima kukataa lisilo lako, mbele ya ofisi yoyote."

Malaki alipiga miayo. "Kwa hiyo Kaka Pele hakuiba?"

"Hakuiba," Pelenato alisema, akambeba begani kumpeleka kulala.

Sieni alibaki nje kumalizia kazi yake. Alikung'uta tope kwenye zile buti kubwa, akaziweka katikati ya kibaraza, pua zikitazama barabarani, mahali ambapo kila apitaye getini angeziona.