Pingamizi la Advera

Kitendawili. Wewe unayesoma, sema "tega", maana bila hivyo sitegi.

Haya. Nimewasha moto kwangu ili nimuunguze jirani. Jirani analala salama, mimi ndiye ninayenuka moshi. Ni nini hicho?

Usikimbilie kujibu. Advera naye alikimbilia, akajikwaa. Alikuwa msichana wa darasa la sita, akiishi na bibi yake Agnetha pale Ipuli, mjini Tabora, maana wazazi wake walikuwa Goweko kwenye kilimo cha tumbaku. Bibi Agnetha alimtegea kitendawili hicho asubuhi moja wakienda kisimani, kila mmoja na ndoo yake.

"Ni jiko la mkaa," Advera alisema.

"Jiko la mkaa lina ugomvi gani na jirani?"

"Basi nimeshindwa, Bibi. Nakupa mji. Chukua Bukene."

"Bukene nimeshafika. Garimoshi lilituweka pale kutwa nzima, nikala karanga mpaka tumbo likanigeuka. Siitaki Bukene."

"Chukua Goweko."

"Goweko kwa mwanangu? Unanipa mali yangu mwenyewe?" Bibi alicheka, akahamisha ndoo mkono wa pili. "Hiki sikiuzi kwa mji. Kaa nacho. Siku moja utakijibu, na wala hutajua kama unajibu kitendawili."

Kisima chenyewe kilikuwa cha pampu ya mkono, nyuma kidogo ya sheli ya Mzee Amir, pale ardhi inapoteremka. Sheli ilikuwa kuukuu, paa limeliwa na kutu, lakini pikipiki za Ipuli zote zilinywa hapo. Kisimani walimkuta jirani yao Ng'washi, mama mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Mwangaluka, mayu," Ng'washi alimsalimu Bibi kwa Kisukuma. "Na huyu mjukuu wako mbona anazidi kurefuka? Unampa mbolea ya tumbaku?"

"Nampa michembe ya viazi vitamu," Bibi alijibu. "Wewe uliyekosa michembe ndiyo maana umebaki hapo hapo."

Wote wakacheka, Advera akachota, na siku ikaanza kama siku nyingine.

Shuleni Advera aliketi dawati moja na Shazia, binti wa Mzee Amir. Walikuwa marafiki tangu darasa la tatu. Advera alileta michembe, Shazia alileta kachori, na wakati wa mapumziko vyote vilikuwa vya wote.

Siku hiyo Mwalimu Fikiri alikusanya michoro aliyowaagiza, "Mtaa wetu kesho". Advera alikuwa amechora nyumba ya bibi yake ikiwa na bati jipya, na maua mlangoni, na Bibi mwenyewe akicheka kwenye kiti. Aliipaka rangi mpaka penseli ikaisha ncha.

Shazia alikuwa amechora sheli mpya ya baba yake. Ilikuwa na paa pana, taa nyingi, duka la aiskrimu, na pembeni gari limefunikwa povu jeupe kama limevaa shela.

"Hapo ni pa kuoshea magari," Shazia alieleza. "Maji yanatoka kwa mashine, shwaa, gari linatoka linang'aa. Baba amesema rangi ya ukuta nitachagua mimi."

Darasa zima lilimzunguka. Mwalimu Fikiri akaubandika mchoro huo ukutani, katikati kabisa. Mchoro wa Advera aliutazama, akasema "vizuri", akauweka mezani. Kisha akaweka boksi la chaki juu yake, pale pale kwenye uso wa Bibi.

"Shazia, ikifunguliwa utanipeleka mimi kwanza kuona povu, eti?" aliuliza Najiat, msichana wa dawati la mbele.

"Nitakupeleka," Shazia alijibu.

Advera alisubiri Shazia ageuke aseme "na Advera". Hakugeuka. Labda alisahau, labda aliona halina haja ya kusemwa. Kachori aliyopewa mchana ule aliirudisha. "Nimeshiba," alisema, na tumbo lake likanguruma likimsuta.

Jioni, yeye na Bibi walipita mbele ya sheli, wakakuta bango jipya limesimikwa.

"Nisomee, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Herufi zenyewe ni kama chawa."

Advera akasoma. Mzee Amir alikuwa ameomba kubomoa kituo cha mafuta cha zamani na kujenga kipya, pamoja na sehemu ya kuoshea magari. Mwenye pingamizi alitoe katika mkutano wa mtaa, mbele ya afisa mipango miji wa manispaa.

Bibi aliposikia "mwenye pingamizi" akashika kiuno kwa kicheko. "Kumbe sheli inaoa."

"Inaoaje, Bibi?"

"Si ndivyo padri anavyotangaza ndoa kanisani? Fulani anamwoa fulani, mwenye pingamizi aseme. Basi sheli anamwoa Bi Kuosha Magari, na mahari ni povu."

Bibi alikuwa anatania tu. Lakini Advera alilisoma tena lile neno. Alikumbuka ndoa ya Valentino, kijana wa kwaya. Ilitangazwa Jumapili ya kwanza, na kabla ya Jumapili ya pili mama mmoja wa Bukene akaja kwa padri akasema Valentino ana mke kule. Ndoa ikafa. Mbuzi wa karamu akaishi. Advera akaona hivi: pingamizi ni neno moja tu. Likisemwa, jambo limekwisha. Hakukumbuka kwamba yule mama alisema kweli, tena alikuja na huyo mke mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Bibi alibaki nyumbani akichochea uji. Kisimani alikuwepo Ng'washi peke yake. Advera alipampu, akainama juu ya ndoo, akakunja pua.

"Mama Ng'washi, mbona maji yananuka petroli?"

Ng'washi aliinama. Akavuta hewa, akavuta tena. "Mh. Kuna kitu."

Hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa yale yale, matamu na baridi. Lakini Ng'washi alikuwa na sauti ya kufika mtaa wa pili, na neno lilifika wa tatu. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanarudisha chai kwa mama ntilie. Mzee mmoja aliapa kwamba ugali wake ulikuwa unawaka ulimini. Mwenye tumbo la kawaida akasema ni petroli, na mwenye kikohozi cha siku zote akasema ndiyo hiyo hiyo.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Xavery, hakutaka mchezo na afya za watu. Alifunga mpini wa pampu kwa mnyororo na kufuli. "Mpaka maji yapimwe," alisema. "Kwa sasa tuchote kisima cha bondeni."

Kisima cha bondeni kilikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko njia yenyewe. Advera aliamka kabla ya jogoo, akafika shuleni kengele imeshalia, shingo inamuuma. Bibi alikataa kumwachia kazi yote. "Mimi nimezaliwa na ndoo," alisema, akaenda naye. Siku moja wakati wa kurudi aliteleza kwenye ukingo wa mtaro. Maji yakamwagika yote na goti likavimba kama kiazi. Advera alimkanda kwa maji ya moto, maji yaliyochotwa bondeni, huku macho yake yakikimbia uso wa Bibi.

"Unanikanda kama mtu mwenye deni," Bibi alisema.

Advera akakamua kitambaa, akakichovya tena.

Na shuleni? Shazia alikuwa amerudi kuwa wa Advera peke yake, kama Advera alivyotaka. Lakini alirudi vipi? Watoto walipompita walibana pua. "Petroli inapita," walisema. Najiat alihamia dirishani, mbali naye. Mchoro ukutani ulikuwa umechanwa pembe, na Mwalimu Fikiri akaubandua kimya kimya. Shazia aliacha kuleta kachori, kwa kuwa hakuna aliyetaka kula cha kwao.

Mchana mmoja alimfuata Advera kwenye foleni ya bondeni. Hakubana pua, hakupandisha sauti.

"Wanasema wewe ndiye uliyenusa kwanza."

Advera aliinama akasokota upya ngata yake ya kubebea ndoo, ingawa ilikuwa imesokotwa vizuri.

"Baba halali," Shazia aliendelea. "Wanataka hata sheli ya sasa ifungwe. Advera, nilikukosea nini?"

Foleni ikasogea. Advera akasogea nayo. Swali likabaki pale nyuma, limesimama na Shazia.

Siku ya mkutano, uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Afisa mipango miji, Bi Bernadeta, alitandaza ramani kubwa mezani na kuibana kwa mawe isipeperushwe. Mzee Amir alikaa kiti cha pembeni, kofia mapajani, Shazia kando yake.

"Tunasikiliza mapingamizi," Bi Bernadeta alisema.

Zilikuwa kelele tupu. "Anatunywesha petroli." "Afunge, ahame." Ng'washi alisimama akasema yeye mwenyewe alinusa kwa pua yake hii, akaionyesha, kana kwamba wapo waliokuwa hawajaiona.

Bibi Agnetha alisimama kwa shida, ameegemea bega la Advera. "Mimi nauliza tu. Hayo maji ya kuoshea magari, yenye sabuni na oili, yakishaosha yataenda wapi?"

"Bibi, kaa," mtu alipaza sauti. "Petroli imeshaingia kisimani, wewe unauliza sabuni?"

Wakacheka, na Bibi akaketi akishika goti. Mzee Amir alisimama.

"Ndugu zangu," alisema, "mafuta yakimwagika namwaga mchanga, yanakauka. Jina langu mmelimwaga. Nimwage nini hapo?"

Advera alitazama goti la Bibi, akamtazama Shazia anayetazama chini. Miguu yake ikasimama kabla moyo haujakubali.

"Mimi nina pingamizi."

"Dhidi ya mradi?" Bi Bernadeta aliuliza.

"Dhidi yangu." Advera aliwageukia watu. "Maji hayakunuka. Sikunusa kitu. Nilisema uongo."

Bibi alimshika mkono, hakuusukuma wala hakuuachia.

"Lakini mimi nilinusa," Ng'washi alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Ulinusa maneno, mwenzangu," Bibi alimwambia. "Yana harufu kali kuliko petroli."

Advera alitoka mbele. "Mzee Amir, shikamoo. Naomba unisamehe."

Mzee Amir alikunja kofia yake mkononi. "Marahaba. Wewe umekula kwangu, Advera. Ndiyo maana imeuma. Nimekusamehe, lakini jina langu ulirudishe mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Nitapita."

"Na mimi nitapita naye," Ng'washi alisema. "Sauti iliyobeba uongo ndiyo ibebe na kweli."

Bi Bernadeta hakufunga mkutano. "Bibi," alisema, "naomba urudie swali lako."

Bibi akarudia. Bi Bernadeta akafuata mstari wa mfereji kwenye ramani kwa kidole. Kidole kiliteremka, kikapita ukuta wa nyuma, kikasimama. Mzee Xavery alichungulia, na Mzee Amir akavua miwani akaivaa tena. Kidole kilikuwa kimesimama kisimani.

"Mchoraji wangu alifuata mteremko," Mzee Amir alisema polepole. "Sikuwa nimeliona hili. Wallahi sikuliona."

"Hata mimi lingenipita," Bi Bernadeta alisema, kisha akawageukia watu wote. "Sikilizeni, na nyinyi watoto sikilizeni. Maji tutayapima kama tulivyopanga, kwa sababu kupima ni afya. Lakini fikirini. Majibu yangekuja kwamba maji ni safi, mngeona aibu, mngeruhusu kila kitu, na swali la Bibi lingezikwa. Pingamizi si jiwe la kumrushia mtu usiyempenda. Ni taa. Ukiiwasha kwa uongo, siku ya giza la kweli hakuna atakayeitazama."

Baada ya siku kadhaa Mzee Amir alirudi na ramani mpya. Sehemu ya kuoshea magari ilikuwa imehamishiwa upande wa barabara, mbali na kisima, na maji machafu yangeingia kwanza kwenye shimo la zege la kuchujia oili. Majibu ya vipimo nayo yakatoka: maji ni safi. Mtaa ukakubali mradi, na Mzee Xavery akafungua kufuli. Kwa siku zote hizo Advera na Ng'washi walikuwa wanapita mlango kwa mlango. Kwenye milango mingine walikaribishwa, mingine ikafungwa mbele yao, nao wakagonga tena.

Asubuhi ya kwanza ya pampu kufunguliwa, Bibi Agnetha aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza, goti amelinyoosha, Advera akipampu. Shazia alikuja na dumu dogo. Alimwamkia Bibi, kisha akasimama upande wa pili wa pampu.

"Nimekusamehe," alimwambia Advera. "Baba amesema nisikuulize tena. Lakini ile siku bondeni nilikuuliza, na mpaka leo hujanijibu. Nilikukosea nini?"

Advera aliachia mpini. Alifikiria povu, boksi la chaki, na Najiat. Vyote vilikuwa vidogo sana alipovitazama asubuhi ile, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kosa la Shazia. Bibi aliacha kufunga kilemba chake, akatega sikio.

"Hukunikosea kitu," Advera alisema. "Ulikuwa wivu."