Kioo Kisichoshika Ukungu

Mimi ndiye ninayetunza daftari la familia yetu: nani alizaliwa lini, nani alifariki lini, nani alimwosha, nani aliingia kaburini kumpokea. Kwa hiyo tarehe sibahatishi. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili 2025. Mvua ya masika ilikuwa haijakatika tangu adhuhuri.

Kabla ya magharibi nilitoka nyumbani Kariakoo kwenda Gerezani, kuchukua miwani ya mdogo wangu Samir. Alikuwa ameisahau kwa ba'mdogo Sadalla, mwenye duka la helmeti na vipuri vya pikipiki.

Samir ni bodaboda. Bila miwani hasomi bango lililo mbele ya pua yake. Akiivaa, mvua ikinyesha, pumzi yake inageuka ukungu kwenye miwani na kwenye kioo cha helmeti, anaendesha kama mtu aliyefunikwa shuka. Alijaribu dawa ya meno. Alijaribu kusugulia kiazi. Mwezi Machi alianguka Buguruni, akashonwa nyuzi nane gotini. Baba ameshafariki. Ndugu mwingine sina.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, Najma. Umefuata miwani ya kipofu wetu?"

Kwenye benchi alikuwepo bodaboda mmoja, Haruna, akisubiri mvua ipungue. Akacheka.

"Mwambie aitupe hiyo miwani, dada. Mzee kampaka dawa kwenye kioo mchana huu. Mi kanipaka jana, napita kwenye mvua kama naangalia tivii."

Ba'mdogo alikuwa ameshika helmeti nyingine mapajani. Alisugua kipande cha sabuni upande wa ndani wa kioo, akakifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kikang'aa. Hilo halikunishangaza. Bodaboda wengi hupaka sabuni.

Kisha nikasikia harufu.

Kafuri, ile anayopakwa maiti...

Nikakitazama kile kipande. Sabuni ya mche, ya buluu, imekatwa mshazari, na katikati ina jino dogo, pale uzi ulipokwama.

Nilikikata mimi.

Alhamisi, tarehe sita Juni 2024, siku tuliyomzika baba, nilikata mche mmoja kwa uzi ukatoka vipande vitatu, nikavipitisha mlangoni kwa wanaume waliokuwa wakimwosha. Ba'mdogo ndiye aliyewaongoza. Kwetu, sabuni iliyomgusa maiti hairudi ndani ya nyumba. Inafukiwa kwenye ufuo, lile shimo la uani linalopokea maji ya kumwoshea. Vilifukiwa viwili. Nilipouliza, ba'mdogo alinijibu mbele ya watu, "Baba yako hajazikwa, wewe unahesabu sabuni?" Kwa adabu nikarudi ndani. Usiku nikaandika kwenye daftari: kimoja hakikuonekana.

Sasa nilikuwa nakiona.

"Ba'mdogo," nilisema polepole, "hiyo ni sabuni ya baba."

Haruna aliacha kucheka.

Ba'mdogo hakuninyanyulia macho. "Punguza sauti."

"Kwa nini?"

"Ukungu ni nini, Najma? Ni pumzi." Aliendelea kufuta. "Maiti hapumui. Kioo kilichopakwa sabuni yake hakishiki pumzi ya mtu. Basi. Mimi si mchawi, mimi ni mfanyabiashara. Na nimemsaidia mdogo wako."

"Umemwosha angali hai."

Alikiinua kioo kwenye mwanga, akakikagua.

Haruna aliichukua helmeti yake sakafuni, akatoka nayo, akaitupa mtaroni. Hakuaga.

Nikampigia Samir. Akiwa barabarani huibana simu ndani ya helmeti, na mimi humsikia anavyohema kabla hajasema neno.

Alipokea.

Sikusikia pumzi.

"Samir, uko wapi?"

"Msimbazi, dada." Sauti ilikuwa tulivu mno. "Naona vizuri. Sijawahi kuona hivi."

"Miwani yako ninayo mimi."

"Najua... Dada, mzee yuko mbele yangu. Anatembea kwa miguu. Kanzu imelowa."

"Mzee gani?"

"Baba."

Nilimpokonya ba'mdogo ile sabuni, nikakimbia. Viatu viliniponyoka kwenye matope, sikuvirudia. Simu ilikuwa sikioni. "Vua helmeti, Samir. Vua."

"Nikivua sitamwona. Ananiita huku... ni peupe..."

Nilimkuta katikati ya njia ya mwendokasi. Pikipiki inaunguruma, yeye ameketi wima, mikono mapajani. Taa za basi zilikuwa zinakuja na honi haikatiki. Nilimkamata shingoni kwa mikono miwili, uso wangu karibu na kioo. Nilikuwa nahema kama mbwa. Kioo kile kilibaki safi kama hakuna mtu mbele yake.

Wala nyuma yake.

Nilimvuta. Tukaanguka pamoja pembeni. Basi lilifunga breki likapita na kioo cha pembeni cha pikipiki. Nilipoing'oa ile helmeti, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikampiga kofi. La pili... La tatu ndipo akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani.

Usiku ule ule nilichimba uani palepale penye ufuo, nikaifukia sabuni, na kioo cha helmeti nilichokivunja vipande juu yake. Nikaandika kwenye daftari: kimerudi.

Wazee waliniambia yamekwisha. Wakaniambia pia nisamehe, damu ni damu. Ijumaa iliyofuata ba'mdogo alikuja kula kwetu, kwa amri yao. Niliwawekea chai ya moto, yeye na Samir, wanatazamana mezani. Hakuomba radhi. Aliniuliza tu, kwa kunong'ona, kile kipande nimekiweka wapi.

Nilimsogezea sukari.

Wote wawili wanavaa miwani. Wote wawili waliinama kupuliza chai kwa pamoja.

Miwani ya ba'mdogo ikajaa ukungu. Akaivua, akaifuta kwa shati.

Samir alikunywa mpaka kikombe kikaisha. Miwani yake ilibaki safi; hakuwa na cha kufuta.

Ba'mdogo aliliona hilo. Akainua macho akanitazama, na nilimwona akihesabu kilichokosekana, kama mimi nilivyohesabu sabuni siku ya mazishi.

"Mwongeze chai," alisema.

Nikamwongezea. Ya moto zaidi.