Mbeleko Niliyoiacha kwa Sokwe

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani hapa Sumbawanga. Wasomaji wenzangu, nawasimulia haya... tangu safari ile sijatulia!

Mume wangu, nimwite Deo, hununua dagaa Kirando na kuwauza mjini. Mtoto hatukujaliwa. Mwaka jana akawa anakaa mno huko ziwani, na nikimuuliza anakuwa mkali. Ghafla akaniambia tunakwenda kupumzika kwenye loji ya kifahari, msituni kando ya ziwa, wanakofikia wazungu kutazama sokwe. Jamani, mimi? Niliitangazia jumuiya yetu nzima ya kanisani!

Tulipanda boti Kirando. Huko loji kitanda ni kipana, maji ya moto yapo, chakula unaletewa barazani. Aliyetuhudumia ni Eliza, binti mpole mwenye mimba kubwa. Nilimpenda! Mama alinifundisha kuwa ukimpa mjamzito kitu cha mtoto, na wewe Mungu atakukumbuka. Nikatoa begini mbeleko niliyobebewa mwenyewe utotoni, aliyonikabidhi mama siku ya harusi. Nilikuwa natembea nayo kila mahali. Nikamvika Eliza mabegani, akalia. Nikadhani ni furaha... Deo aligeuka akatazama ziwa.

Jioni mwongoza wageni akatupa sharti: mwenye mafua au kikohozi haingii msituni, maana sokwe wakiambukizwa hufa. Asubuhi Deo akaanza kupiga chafya! Akanihimiza niende tu, nisipoteze nafasi.

Nilikwenda, lakini roho haikutulia. Mbona usiku alilala vizuri? Mbona hata chai ya tangawizi kaikataa? Tulipowafikia sokwe, jike mmoja alikuwa amempakata mwanawe, anamchambua manyoya taratibu. Machozi yakanibubujika. Makamasi yakajaa kwenye barakoa tuliyovalishwa kuwakinga sokwe, nikaanza kukohoa.

"Samahani dada, na wewe una mafua," mwongozaji akasema. "Inabidi urudi."

Niliapa kuwa ni kilio tu. Wapi! Mwenzake akanirudisha.

Barazani kwetu nikamkuta Deo mzima, hana chafya hata moja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Eliza, sikio tumboni, anacheka na mwanawe. Anacheka! Na mbeleko yangu iko mabegani mwa yule binti.

Nilipiga ukelele loji nzima ikasikia. Mnajua alinijibu nini?

"Nilitaka umzoee kidogo kidogo, mke wangu. Si umeshampenda?"

Kumbe starehe yote ile ilikuwa ya kunilainisha nimpokee mke mwenza! Nilirudi Sumbawanga peke yangu. Sasa nimepanga chumba, nashona, na sindano inanichoma kila mara kwa sababu mawazo hayakai.

Juzi nilikutana na mama mkwe sokoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mgongoni kwake mjukuu wake alikuwa amelala fofofo ndani ya mbeleko yangu... Mkono ulitaka kuivuta! Lakini mguu wa mtoto ulikuwa umetoka nje kwenye baridi. Nikaufunika, nikaondoka nalia.

Dada zangu, nawasihi. Mume akikufokea ukimuuliza, kisha akakuletea starehe, usipande boti kabla hajakujibu. Uliza ukiwa bado nyumbani kwako. Mimi nilijibiwa nikiwa nimeshatoa kila kitu kwa mikono yangu.