Nyavu Ndani ya Mguu wa Mama

Kwanza ilikuwa sauti ya cherehani. Kila nikitoka shule nilikuwa naisikia kabla sijafika mlangoni mwa duka la ushonaji: mbio moja ndefu, kimya kidogo, kisha mbio nyingine, kwa sababu mama alikanyaga pedeli kwa miguu yote miwili. Jumatatu ile cherehani ilikuwa inachechemea. Niliingia, nikainama kuokota vipande vya vitambaa kama kawaida yangu, nikaona mama anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ameunyoosha pembeni. Ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti, na ngozi yake inang'aa.

"Mama, mguu wako..."

"Umechoka tu, mwanangu. Nipe mkasi."

Shangazi, mwenye duka, alicheka bila kuinua macho kwenye meza ya kukatia. "Huo ni mguu wa cherehani. Fundi ambaye hajavimba mguu bado hajashona. Mimi wangu uliwahi kuwa kama mto wa kulalia!"

Binti yake, ambaye tunasoma darasa moja, akadakia, "Jamani, leo Bubu ameongea! Andikeni tarehe!"

Bubu ndiye mimi. Walinipa jina hilo kwa sababu nikiulizwa jambo mbele za watu maneno hunikaukia mdomoni. Niliendelea kuokota vitambaa.

Mafundi wa mtaa wetu wana dawa yao ya mguu wa cherehani. Wanakata ukanda wa kitambaa kigumu, kile cha kutia ndani ya kola, wanaufunga mguu hadi ukaze. Jioni wanaufungua na kuusugua kwa mafuta ya moto. Shangazi alimfanyia mama hivyo hivyo. Hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini mama hakuwa fundi aliyechoka tu. Mama alikuwa na saratani ya tumbo, na neno hilo lilikuwa marufuku dukani. Wateja waliambiwa ni vidonda vya tumbo.

"Mkilitaja hilo jina," shangazi alituonya, "hakuna mzazi atakayeleta sare za shule hapa. Watu wanadhani inaambukiza."

Na mama alikubali! Siku za kwenda kutibiwa hospitali kubwa aliaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Vifungo vyenyewe hatukuviona. Nilikuwa nakasirika, ila hasira yangu haikuwahi kufika mdomoni.

Baada ya siku chache mguu ulizidi kuvimba, ukawa wa moto. Jioni shangazi alipiga magoti, akaubinya kwa vidole gumba viwili, akivuta kutoka chini kwenda juu. Mama aliuma pindo la gauni lake asipige kelele.

"Shangazi, unamwumiza," nilisema. Ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Wewe ndiye utanifundisha mguu? Nenda kachemshe maji."

Nikaenda kuchemsha maji. Sufuria niliipiga kwenye jiko kwa nguvu hadi mfuniko ukaruka.

Asubuhi mama alisimama kuchukua uzi kwenye rafu, akashika kifua. Alihema pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda mlima mbio. Tulikodi gari, tukampeleka hospitali ndogo iliyo karibu nasi. Daktari alikuwa mwanamke, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliuliza mgonjwa ana nini, na shangazi akawahi kujibu.

"Ni uchovu, daktari. Kazi yetu ya kukaa na kukanyaga. Pia ana vidonda vya tumbo."

"Kuna ugonjwa mwingine wowote? Fikirini vizuri."

"Hakuna," alisema shangazi.

Nilimtazama mama, nikingoja aseme. Midomo ilikuwa imepauka, pumzi inamkatika, na bado alikuwa anaangalia sakafu. Yaani bora afe kuliko kutajwa! Hasira ikanipanda, na safari hii ikafika mdomoni.

"Ana saratani!" nilipiga kelele. "Saratani ya tumbo! Anatibiwa hospitali kubwa. Na mguu uliovimba ni mmoja tu, na jana shangazi aliusugua!"

Benchi zima la wagonjwa likageuka. Shangazi akaninyooshea kidole. "Wewe mtoto! Umetuvua nguo mbele za watu!"

"Kaa chini, dada," daktari alimwambia. "Huyu ndiye aliyejibu swali langu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mama aliwekewa oksijeni. Walimpaka mguu mafuta mazito, wakapitisha kifaa juu yake, na kwenye kioo cha mashine ikaonekana damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kipimo cha kifua kilionyesha kwamba kipande kidogo kilikuwa kimeshafika pafuni. Wakaanza kumchoma sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda.

Mama alipoanza kuhema vizuri, daktari alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ndani ya damu kuna chembe nyeupe," alituambia. "Ni askari wa mwili. Kijidudu kikiingia, baadhi yao hutema nyuzi zilizomo ndani yao wenyewe, zikawa wavu wa kukinasa. Ni kazi nzuri. Lakini saratani huwachokoza askari hao. Wanatupa nyavu hata pasipo na kijidudu."

"Sasa wananasa nini?" niliuliza.

"Damu yenyewe. Wavu ule unanata. Chembe za damu zinakwama, zinaganda, mshipa unaziba. Tena nyavu zimebeba sumu ya kuulia vijidudu, basi zinaunguza kuta za mishipa, mapafu, hata figo. Mwili unawaka kwa ndani, na saratani nayo inapata pa kung'ang'ania. Si nyavu peke yake zinazogandisha damu ya mgonjwa wa saratani, ila zimo katika sababu zake."

Nilikumbuka uzi unavyojisokota kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini ya cherehani. "Uzi ukijifunga chini ya kitambaa, ukivuta kwa nguvu sindano inakatika," nilisema.

"Umeelewa. Kusugua mguu kama huu ni kuvuta kwa nguvu. Kipande kinaweza kung'oka na kupanda pafuni."

"Askari wajinga," nilisema. "Wanachoma nyumba wanayoilinda."

Daktari alicheka kidogo, kisha uso wake ukawa mkali. "Hao hawana akili wala mdomo. Ninyi mnavyo. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, msiusugue wala kuukaza kwa kitambaa. Njooni hospitali siku hiyo hiyo. Na mkifika, semeni ukweli wote. Mliwaficha wateja, mkanificha na mimi. Mimi si mteja! Saratani haiambukizi. Wala mtoto anayesema ukweli hajamvua mtu nguo."

Shangazi alivuta pua, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua ni cherehani."

Mama alirudi nyumbani na sindano zake, mguu ukapungua, na matibabu ya saratani yakaendelea bila safari za vifungo. Wiki iliyofuata mteja mmoja alisimama mlangoni akauliza kwa kunong'ona kama ni kweli anayoyasikia. Shangazi aliweka mkasi mezani kwa kishindo. "Ni kweli, ana saratani. Haiambukizi. Unaleta sare au huleti?" Akaleta. Wengine wawili hawakurudi, na shangazi aliwasema hadi jioni.

Siku hiyo mama aliniita tukae wawili. "Asante kwa kunisemea, mwanangu," alisema. "Ulikuwa jasiri."

Ningeweza kunyamaza. Angedhani nilisema kwa upendo mtupu, na mambo yangeishia hapo.

"Sikuwa jasiri, mama," nilimwambia. "Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwako. Saratani hainijui. Wewe unanijua, na bado ulikuwa tayari kuniacha ili watu wasijue."