Mkono wa Tatu

Mwaka huo wa 1983, foleni ya sukari Kariakoo ilikuwa ya mawe. Watu waliacha mawe, makopo na vikapu vikae badala yao, kisha wakaenda zao kazini, na ole wake atakayegusa jiwe la mwenzake. Hyasinta, mshonaji wa sare aliyepanga chumba karibu na soko, alirudi asubuhi moja amevaa gauni lake la kitenge cha manjano, akakuta kopo lake limetanguliwa na tofali.

"Tofali la nani hili lisilo na adabu?"

"La kwangu," alijibu kijana mmoja. Alivaa shati jeupe lenye kola pana, suruali ya bugaluu iliyonyooka kwa pasi, na bisibisi mfukoni. "Lakini halikukusukuma, dada. Limekusogelea tu."

"Basi lirudi lilikotoka."

"Limetoka Nachingwea. Unadhani litarudi kirahisi?"

Hyasinta alicheka bila kutaka. Tangu aje kutoka Peramiho hakuwa amecheka na mtu. Mji ulijaa watu mpaka njia hazipitiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake.

Kijana aliitwa Uwesu, fundi wa redio mwenye kimeza chake barazani pa duka la Mzee Humoud. Wiki hazikuwa nyingi, Uwesu akawa anapiga simu kutoka dukani kila mchana hadi karakana ya ushonaji ya kina Hyasinta kule Mchafukoge.

"Redio yako imepona, kipenzi."

"Sina redio, Uwesu."

"Basi njoo umchukue fundi."

"Muone! Msimamizi anakuja, nakata."

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulipenda. Kisha ukaja msako wa wasio na kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini kulima, na fundi wa barazani kitambulisho atakitoa wapi? Njia ilikuwa moja: balozi wa nyumba kumi, Mzee Onesphory, alikuwa tayari kuandika barua ya utambulisho iwapo majirani watatu wangemthibitisha mtu mkutanoni kwa kunyoosha mkono.

"Mmoja kati ya watatu ni wewe, au siyo?" Uwesu alimuuliza.

"Hilo nalo la kuuliza?"

"Basi sina wasiwasi, laazizi."

Jumapili alasiri watu walijaa uani kwa balozi, wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi. Uwesu alisimama katikati, kachomekea shati.

"Nani anathibitisha kwamba fundi huyu ana kazi?" aliuliza Mzee Onesphory.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hyasinta alimtazama Bi Mektilda, mwenye nyumba wake. Bi Mektilda alimtazama Mzee Humoud. Mzee Humoud alitazama chini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana aliyempa fundi baraza akinyamaza, nani hatadhani kuna jambo analijua? Hyasinta naye alipiga hesabu zake. Mkono wa mchumba ukitangulia, watasema ni mapenzi tu, hautahesabiwa. Wacha wawili waanze, mimi nitakuwa wa tatu. Alisubiri.

"Nauliza mara ya pili."

Mtu alikohoa. Uwesu hakuwa anamtazama balozi tena. Alikuwa anautazama mkono wa Hyasinta, uliolala juu ya khanga yake.

"Haya," alisema Mzee Onesphory. "Tuendelee na lingine."

Alfajiri ya Jumatatu Hyasinta alimkuta Uwesu akifunga sanduku, arudi kwao Nachingwea mwenyewe kabla msako haujambeba.

"Nilikuwa nasubiri wawili watangulie, Uwesu. Haki ya Mungu!"

"Na mimi nilikuwa nasubiri mmoja tu," alisema, akaondoka.

Hyasinta alishinda na uchungu huo siku tatu. Siku ya nne hasira ikampanda, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza.

"Mwanangu, nilikuwa nakungoja wewe," alisema Bi Mektilda. "Nikaona mchumba mwenyewe katulia, nikasema hapa pana jambo."

Akaenda dukani. "Shikamoo, Mzee Humoud."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Siku hizi wenye maduka tunasakwa kwa ulanguzi, binti yangu. Nikitangulia mimi, watasema fundi ananifichia mali. Ningekuwa wa tatu."

Kila nyumba jibu lilikuwa hilo hilo. Uwanja mzima ulijaa watu wa tatu! Hyasinta alitamani awazabe vibao wote, akianza na shavu lake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata alimlazimisha balozi aulize tena. Swali halijaisha, mkono wake ulikuwa juu, peke yake. Kisha wa Bi Mektilda, wa Mzee Humoud, na ghafla ua mzima ukawa mikono. Barua ikagongwa muhuri. Urahisi wake ndio uliomuumiza kuliko yote.

Alipeleka telegramu ya kumwita kwenye simu, na Jumatano saa nne Uwesu alikuwa posta ya Nachingwea, yeye posta ya Dar.

"Uwesu! Barua ninayo. Wote walinyoosha, hata Mzee Humoud."

"Nani alianza?"

"Mimi."

"Ingekuwa Jumapili ile, ningekuja kwenu kuposa wiki hiyo hiyo."

"Basi nioe sasa. Nimeomba mimi, umesikia? Simsubiri mtu."

"Hyasinta, nakupenda, usidhani sikupendi. Lakini kila nikifumba macho nakuona umekaa. Nikipata shida tena mtaani kwetu, nianze kukutazama tena kama utanyoosha mkono? Siwezi, mama. Hapa nimepewa shamba."

"Uwesu, nitakuja huko mimi..."

"Dakika tatu zimekwisha," opereta aliingilia. "Mnaongeza?"

"Ongeza!" Hyasinta alipaza sauti.

"Na Nachingwea?"

"Inatosha, dada," alisema Uwesu.

Simu ilikatika. Hyasinta alilia pale pale kwa sauti, barua mkononi, mbele ya foleni nzima ya posta, na watu wakawa wanatazamana kuona nani atamwendea.