Kazi Mbili Nyuma ya Kioo

"Duka limefunguliwa?"

Sauti ya Shangazi ilitoka katika kipokezi kilichojificha ndani ya sikio la Wembe.

"Limefunguliwa. Mteja anapanda ngazi."

"Mhudumie vizuri. Hatapita tena."

"Sawa, Shangazi."

Wembe hakuwahi kumwona Shangazi. Hakujua kama ni mnene au mwembamba, kama ana watoto au hana. Lakini tangu ajipenyeze katika kiwanda hiki cha uchapaji, hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwa ikimwita kwa jina lake la kazi. Wengine wote walimjua kama mpanga kurasa, dada mpole asiye na maneno mengi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Mgeni.

Ndivyo walivyomwita, maana hakuna aliyejua atokako. Koti la kijivu. Viatu vinavyong'aa. Kwapani, koti lilituna kidogo. Wembe alikwisha kulijua tuta hilo: bastola, Beretta.

Mgeni aliweka flashi mezani. "Vyeti. Nataka vipangwe sasa hivi, mbele yangu. Kisha naondoka na flashi yangu."

"Karibu kiti, bwana."

Genge la Mgeni lilikuwa limeingiza nchini dawa bandia za sindano za watoto. Chupa zile zilikwisha kuchanganywa na dawa halali katika maghala, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Tofauti ilikuwa moja tu: namba za toleo. Namba hizo zilikuwa ndani ya flashi, zikisubiri kupigwa kwenye vyeti vya ubora vya kughushi. Kesho zahanati zingepokea mzigo.

Wembe alifungua programu yake ya kuandikia. Humo alikuwa ametunga amri yake mwenyewe. Ukibonyeza F5, maandishi yanahifadhiwa, na kazi ya kupanga kurasa na kuzipeleka kwenye printa inaanza yenyewe nyuma ya kioo cha kompyuta, huku wewe unaendelea kuandika kama kawaida. Ikiisha, neno moja linatokea chini: Tayari.

Jana alikuwa ameongeza mistari michache katika amri hiyo. Sasa F5 iliamsha kazi mbili. Ya kwanza ilipanga kurasa. Ya pili ilichota namba za toleo na kuzirusha kwa Shangazi kupitia kidude cha mawasiliano, kidogo kama ukucha, kilichogandishwa chini ya meza.

Akabonyeza F5.

Kompyuta ikaanza kuvuma. Mgeni akasogeza kiti, akainama karibu kiasi kwamba Wembe alisikia harufu ya sabuni yake.

"Hii nini?"

Kidole chake kilielekea chini ya kioo. *Kazi zinazoendelea: 2.*

Alikuwa amefikiria kila kitu. Hakufikiria kwamba programu yenyewe ingehesabu na kusema.

"Moja inapanga kurasa," alisema bila kugeuka. "Nyingine inapanga fahirisi."

"Cheti kina fahirisi?"

Wembe aliivuta kibodi karibu.

"Ua moja," Mgeni alisema polepole. "Mbele yangu. Ibaki ya kurasa tu."

"Kama unavyotaka."

Vidole vya Wembe vilikimbia. Amri fupi, kitufe cha kuingiza. Kazi zikabaki moja.

Lakini aliyoiua ilikuwa ile ya kurasa.

Mgeni alitulia. Akatazama printa kwenye kona. Akasubiri. Printa haikukohoa hata kidogo.

"Mbona imenyamaza?"

Mlango ukasukumwa tena. Aliingia mama msahihishaji wa chumba cha pili, miwani juu ya paji la uso, bakuli mkononi limefunikwa kwa sahani.

"Mwanangu, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Nimekubakizia..."

Mkono wa Mgeni uliingia ndani ya koti.

"Toka!" Wembe alifoka. "Nani kakuita? Kila siku unanifuatafuata! Mimi si mtoto wako!"

Mama yule alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Samahani," alisema. Hakuongeza "mwanangu".

Mlango ukafungwa.

*Tayari.*

Mgeni alilisoma neno lile, kisha akatazama printa isiyo na karatasi. "Tayari nini?"

Wembe alinyakua rula ya chuma iliyokuwa mezani. Ilishuka kwenye kifundo cha mkono wa Mgeni kabla Beretta haijatoka yote. Mfupa ukalia. Bastola ikateleza chini ya kabati. Mgeni akarusha ngumi ya kushoto, ikampasua Wembe mdomo. Wembe akameza damu, akampiga goti la tumbo, akamgeuza na kumlaza kifudifudi juu ya meza. Waya wa kibodi ukamfunga mikono.

"Shangazi."

"Namba zote zimefika. Maghala yanafungwa sasa hivi. Vijana wako kwenye ngazi."

Vijana wawili waliovaa kama mafundi wa umeme waliingia, wakamnyanyua Mgeni, wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia Wembe neno.

Alichomoa kile kidude, akafuta amri yake mstari kwa mstari, akavaa koti.

Katika korido, mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mama msahihishaji aliinamia karatasi zake, amempa mgongo. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Shangazi, nipe dakika moja. Nimwombe radhi tu."

"Hapana. Akikukasirikia hatakutafuta. Asipokutafuta, yuko salama."

Wembe alisimama. Kisha akapita, kwa hatua za mtu anayekwenda kununua vocha.

Nje jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wakitoka maofisini wawili wawili, wakicheka, wakishikana mikono kuvuka barabara. Alijifuta mdomo kwa leso, akavaa miwani ya jua.

"Umefanya kazi nzuri," sauti ilisema. "Zima kipokezi, kitupe. Tutakutafuta."

"Shangazi, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Wewe una mtu nyumbani?"

Wembe alisimama ukingoni mwa barabara.

"Siruhusiwi kujibu hilo," Shangazi alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Wembe hakuwahi kuisikia: "Hapana, mwanangu. Sina."

Wembe akakitoa kipokezi sikioni, akakidondosha kwenye mtaro, akavuka barabara bila kutazama nyuma.