Mjomba Alifuta Namba Yangu Kwenye Chuma cha Meli

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu toka nitoke, alikuwa amepiga magoti ndani ya tumbo la meli, grenda mkononi... anafuta namba yangu!

Cheche zinaruka. Mimi nimesimama nyuma yake, hanioni.

Thelathini na moja. Hiyo ndiyo namba yangu. Pale tunapounda meli, kila anayechomelea ana namba yake. Ukimaliza kiungo, yaani pale ulipounganisha vyuma viwili, unaigonga namba yako kwa nyundo. Meli ikileta shida hata baada ya miaka ishirini, wanajua wa kumuuliza.

Na mjomba anaifuta!

Nikarudi kinyumenyume, nikapanda ngazi, nikajifungia chooni. Nililia jamani... nililia hadi glovu zikalowa.

Ngoja niwaweke sawa.

Nilikuwa mwanagenzi mwaka wa tatu. Tulianza wanane, tukabaki wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa huyohuyo mjomba. Nafasi ya ajira ni moja tu. Na mjomba ndiye fomeni wetu.

Yeye ndiye aliyeniingiza pale. Siku ya kwanza mafundi walimcheka.

"Fomeni, huyu si atalia kucha ikiungua?"

"Mtalia nyinyi," akawajibu.

Sasa kile kiungo nilikichomelea Jumanne. Mita mbili! Kimepangana kama magamba ya samaki. Mafundi wakongwe walishuka kukipiga picha. Nilitembea siku nzima kama nimeoa na kuolewa kwa mkupuo.

Kwa hiyo nilivyoona grenda ile, hesabu ilikuwa rahisi. Anampa mwanawe kazi yangu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikampigia mama.

"Mama, kaka yako ananiibia."

"Koma! Huyo ndiye aliyetubeba baba yako alipotutoka. Nyamaza, Mungu atakupa kingine."

Wadau, sikunyamaza.

Asubuhi iliyofuata alikuja mkaguzi. Mama mmoja mfupi, haongei ovyo. Sisi tulimwita Mama Milimita, maana hakusamehe hata moja. Mafundi wote tumesimama mbele yake. Nikajitokeza.

"Shikamoo mama. Kile kiungo cha mita mbili kule chini ni changu. Namba yangu imefutwa."

"Na nani?"

Nikanyoosha kidole. "Fomeni. Anataka kumpa mwanawe."

Vichwa vyote vikageukia kwa mjomba.

Binamu akadondosha kofia. "Mimi?! Dada, umechanganyikiwa?"

Mjomba akanisogelea, akanong'ona, "Mwanangu, nakuomba. Tutaongea nyumbani."

"Tuongee hapahapa!"

Tukashuka. Mama Milimita akamulika tochi kwenye chuma.

"Namba iliyopo hapa ni tisa."

Tisa? Tisa ni ya mjomba mwenyewe!

Mtu akacheka. "Fomeni anagombea ajira na wanafunzi wake?"

Nilichanganyikiwa, lakini hasira ilishapanda, haishuki. Nikapayuka, "Pigeni eksrei sasa hivi! Muone kazi ya mikono yangu!"

Mjomba akafumba macho. Nikadhani ni aibu ya kukamatwa.

Kiungo kikapigwa picha. Tulisubiri saa nzima, hakuna anayeniangalia. Kisha tukaitwa ofisini, filamu ikawekwa kwenye kioo chenye taa.

"Njoo karibu," Mama Milimita akaniambia. "Unaona haya madoa meusi?"

Niliyaona. Kama mtu kamwaga punje za pilipili manga.

"Ni matundu. Na huu mstari ni ufa. Ndani kimeoza."

Nikasogeza uso karibu na filamu.

"Uzuri wa mkakasi..." akasema fundi mmoja nyuma yangu. Hakuimalizia.

Mama Milimita akachukua kalamu. "Nauliza kabla sijaandika. Kiungo hiki ni cha nani?"

"Namba tisa," akasema mjomba. Sauti imetulia kabisa. "Changu. Andika."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Alikuwa amekipima mapema kwa kimashine chake cha kukagua chuma kwa ndani, akagundua ubovu. Akafuta namba yangu, akagonga yake, ili aibu iwe yake. Jumamosi angekikata akichomelee upya, mimi nisijue kitu.

Na mimi nimemwita mwizi mbele ya watu!

Sikilizeni sasa. Mlango ulikuwa wazi. Namba ni yake, amekubali mwenyewe. Ningesema tu, "Basi nilikosea," ajira ningeipata.

Kalamu imeshagusa karatasi...

"Ni changu," nikasema.

"Sijasikia."

"Ni changu! Namba thelathini na moja!"

Mjomba akageuka ukutani.

"Ulitumia vijiti gani?" Mama Milimita akauliza.

Vijiti vya kuchomelea hukaa kwenye oveni. Vikiingiwa na unyevunyevu, vinatoboa kazi kwa ndani huku juu inang'aa. Na mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kumpita binamu.

"Sikwenda kwenye oveni. Nilichukua kwenye boksi lililokuwa wazi, chini ya ngazi."

Binamu akainua mkono taratibu.

"Hata mimi nilichukua humo."

"Na mimi," sauti ya fundi mkongwe.

"Mimi pia..."

Mama Milimita akavua miwani. "Simamisheni kazi. Meli nzima!"

Viungo vibovu kumi na viwili, jamani! Kimoja kilikuwa chini kabisa ya vyumba wanakolala mabaharia. Mjomba angetengeneza kimoja, kwa siri, kwa mapenzi yake... na vingine kumi na kimoja vingeondoka na meli baharini.

Mjomba alivuliwa ufomeni. Kugusa namba pale hakuna msamaha, hata uwe na nia ya malaika. Mimi nikarudishwa mwaka mzima. Binamu naye hakupata, nafasi ilifutwa.

Mama alininunia miezi miwili. Chakula ananiwekea mezani, salamu hanipi. "Umemwangusha kaka yangu," ndiyo kauli pekee niliyoipata.

Mpaka siku mjomba alipokuja nyumbani mwenyewe. Nikapiga magoti.

"Mjomba nisamehe. Nilikuita mwizi."

"Na hukukosea," akasema. "Nilikuibia kosa lako. Na lile kosa ndilo lililokuwa lije kukufundisha."

Kisha akamgeukia mama. "Dada, usimnunie mtoto. Mimi mwenye miaka ishirini na mbili kazini nilificha. Yeye wa miaka mitatu akasema. Fundi hapo ni nani?"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Baadaye akaniita jikoni, akanipa kisu na vitunguu nimsaidie kukata. Kwetu hiyo ndiyo samahani.

Ndugu zangu, anayekupenda anaweza kukuficha usiabike, na moyo wake ukawa safi kabisa. Lakini kosa likifichwa kwa mapenzi halipungui ubovu. Likiwa lako, liseme mwenyewe, hata kama kuna mtu ameshakubali kulibeba.

Huwezi kujua ni wangapi wanasubiri wa kwanza anyooshe mkono.